Mwanga Unaopita Mfupani

Leo nataka tuzungumze juu ya oksijeni ya ubongo, na juu ya taa ndogo inayobandikwa kwenye paji la uso ili kutuambia kama oksijeni hiyo inafika.

Ubongo wa mtu mzima haufiki hata kilo moja na nusu. Ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili. Lakini katika oksijeni yote inayotumiwa na mwili ukiwa umetulia, ubongo peke yake unachukua takriban asilimia 20. Tena hauna akiba. Ini huweka sukari, misuli huweka oksijeni kidogo. Ubongo unaishi kwa kile ambacho damu inauletea saa hiyohiyo. Damu ikikatika kichwani, mtu anapoteza fahamu ndani ya sekunde 10 hadi 15. Zikipita dakika 4 au 5, seli za ubongo zinaanza kufa, na zilizokufa hazioti tena.

Ndiyo maana mtaalamu wa usingizi aliyemlaza mgonjwa nusu kaputi, au muuguzi anayekesha na watoto njiti, ana swali ambalo halimwachi: ubongo wa huyu unapata hewa ya kutosha? Kwa miaka mingi swali hilo halikuwa na jibu la moja kwa moja. Daktari aliangalia kama midomo imebadilika rangi. Alipima presha mkononi. Alichoma sindano kwenye ateri akatoa damu. Vyote hivyo vilimweleza hali ya mwili kwa jumla. Habari za ubongo aliendelea kuzikisia.

Najua wapo wanaosema: si kuna kile kibanio cha kidoleni? Tulikizoea wakati wa Korona, kinaitwa oksimita, kinabana kidole na kuonyesha asilimia. Ni kifaa cha heshima kubwa. Njia yake ilivumbuliwa na mhandisi wa Japani, Takuo Aoyagi, mwanzoni mwa miaka ya 1970, na Aoyagi huyo alifariki Aprili 2020, wakati hospitali za dunia nzima zilikuwa zikikitafuta kifaa hicho kama dhahabu. Lakini kidole si kichwa. Chukua mfano wa mgonjwa aliye kwenye mashine ya kupumulia. Mashine ikimpumulisha haraka mno, kabonidayoksaidi inapungua katika damu yake. Mishipa ya ubongo ni myepesi sana kuhisi upungufu huo. Inajibana, na damu inayokwenda kichwani inapungua. Kidoleni oksimita inasoma 100. Juu kule ubongo una njaa.

Sasa tuingie kwenye mwanga. Usiku wa leo, umeme ukizimwa au ukizima taa mwenyewe, washa tochi ya simu na uifunike kwa vidole. Utaona vidole vinawaka wekundu. Tochi ile inatoa mwanga mweupe wenye rangi zote, lakini bluu na kijani zimemezwa njiani na damu, nyekundu ndiyo iliyovuka. Na ukiendelea kupita wekundu, ukafika kwenye mwanga ambao jicho la binadamu haliuoni tena, upenyaji unazidi kuwa mzuri. Huo ndio unaoitwa infraredi ya karibu. Kati ya nanometa 650 na 950 hivi, mwili umetuachia dirisha. Chini ya hapo hemoglobini ya damu inameza karibu kila kitu, na ukipita juu yake maji ya mwilini yanaanza kumeza. Katikati, mwanga unapenya ngozi, unapenya mfupa wa fuvu, unafika kwenye ubongo, na sehemu yake ndogo mno inarudi nje.

Aliyelitambua dirisha hilo na kulitumia ni Frans Jöbsis, mtaalamu wa fiziolojia mwenye asili ya Uholanzi aliyekuwa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani. Yeye mwenyewe alisimulia kwamba ilianzia mezani, kwenye chakula. Alikuwa na mfupa bapa wa ng'ombe mkononi, akauelekeza kwenye mwanga, akaona wekundu ukipita. Akajiuliza: kama mwanga mwekundu unaoonekana unapita mfupa huu, je, ule usioonekana si utapita vizuri zaidi, hata kwenye fuvu la mtu? Wangapi wamekula nyama na kuutupa mfupa bila kuutazama mara mbili! Desemba 1977 alichapisha matokeo yake katika jarida la Science. Alikuwa ameurusha mwanga huo kwenye kichwa cha paka, kwenye moyo wa mbwa, na kwenye kichwa cha binadamu aliye macho, akaona mabadiliko ya oksijeni humo ndani, na vichwani bila kupasua chochote.

Inawezekanaje? Hemoglobini ndiyo inayobeba oksijeni ndani ya damu. Ikiwa imebeba, damu ni nyekundu ya kung'aa. Ikiisha kushusha mzigo, inakuwa nyekundu iliyoiva, karibu na zambarau. Tofauti hiyo haiishii kwenye rangi tunazoziona. Kwenye nanometa 760, hemoglobini iliyoshusha mzigo inameza mwanga zaidi. Kwenye nanometa 850, iliyobeba ndiyo inayomeza zaidi. Karibu na 800 zote mbili zinalingana. Basi mtaalamu anabandika kwenye paji la uso kipande laini chenye taa ndogo na vipokezi viwili au zaidi. Taa inatoa mawimbi mawili au zaidi kwa zamu, vipokezi vinahesabu kilichorudi, na kompyuta inapiga hesabu: katika damu iliyomo humu, ni sehemu gani imebeba oksijeni?

Kwa nini vipokezi viwe viwili? Kwa sababu mwanga ukiingia mwilini hauendi mstari ulionyooka. Unagongwa huku na huko, unatawanyika, na ule unaofanikiwa kutoka umepita njia iliyopinda. Wataalamu wenyewe huifananisha na ndizi: ncha moja iko kwenye taa, ncha nyingine kwenye kipokezi, na tumbo lake limezama chini. Kipokezi kilicho karibu na taa kina ndizi fupi, inayopita kwenye ngozi na fuvu tu. Kilicho mbali, sentimita 3 au 4 kutoka kwenye taa, kina ndizi ndefu ambayo tumbo lake linagusa tabaka la juu la ubongo. Ukiondoa habari za ndizi fupi kwenye habari za ndizi ndefu, kinachobaki kwa sehemu kubwa ni cha ubongo. Nasema kwa sehemu kubwa, maana damu ya ngozi ya kichwa haiondoki yote, na ubongo unaosomwa ni ule wa juujuu, nyuma ya paji la uso. Vilivyo katikati kabisa ya kichwa cha mtu mzima, mwanga huu haufiki.

Namba inayotokea nayo inahitaji kueleweka. Kidoleni tumezoea 95 na kwenda juu. Paji la uso la mtu mzima mwenye afya husoma takriban kati ya 60 na 75, na mtu asiyejua anaweza kushtuka bure. Oksimita ya kidole inasubiri mapigo, inaitazama damu ya ateri peke yake, ile inayotoka moyoni ikiwa imejaa. Kifaa cha kichwani hakichagui. Kinaona damu yote iliyo njiani mwake, na katika ubongo sehemu kubwa ya damu, kama robo tatu, iko kwenye vena, imeshatoa oksijeni na inarudi. Kwa hiyo namba yake inaeleza mizani: kilichofika, ukitoa kilichotumika.

Na kwa kuwa hakisubiri mapigo, kinafanya kazi pale ambapo kibanio cha kidole kinakwama. Pale Muhimbili, Dar es Salaam, Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete inafanya upasuaji wa moyo kama zifanyavyo hospitali nyingine nyingi duniani. Katika upasuaji wa namna hiyo moyo husimamishwa, na mashine ndiyo inayosukuma damu mwilini, mara nyingi bila mdundo. Kidole hakina mapigo ya kusoma. Paji la uso linaendelea kusema, kulia na kushoto. Upande mmoja ukishuka ghafla na mwingine ukabaki palepale, daktari anajua pa kutafuta: pengine bomba limekaa vibaya, pengine shingo imepindishwa na mshipa umebanwa. Vivyo hivyo katika upasuaji wa mshipa mkubwa wa shingoni, pale daktari anapoufunga kwa muda ili ausafishe. Namba ya upande ule inamwambia kama ubongo unaweza kuvumilia.

Kuna utafiti mmoja ambao kila anayekishika kifaa hiki angepaswa kuusimuliwa kabla ya kukiwasha. Mwaka 1996 madaktari wa Graz, Austria, walivibandika vihisi hivyo kwenye vichwa vya maiti. Baadhi ya maiti wale walionyesha namba ambazo ungezikuta kwa mtu mzima mwenye afya. Mashine haikuwa imeharibika. Seli zikifa haziitumii tena oksijeni, na damu iliyobaki kwenye mishipa inakaa na mzigo wake. Mizani ile niliyoitaja ina pande mbili. Upande wa matumizi ukifika sifuri, namba inaweza kupendeza wakati mwenye kichwa hayupo. Ndiyo maana Jöbsis tangu mwanzo alitaka kuona mbali zaidi ya damu, ndani ya seli, kwenye kimeng'enya kinachoitwa sitokromu oksidesi ambacho ndicho kinachoitumia oksijeni hatua ya mwisho. Kimeng'enya hicho nacho kinameza mwanga kwenye dirisha lilelile, ila alama yake ni hafifu mno mbele ya ile ya damu. Watafiti bado wanakiwinda, hasa katika chuo cha University College London, UCL.

UCL ndiko nataka tukae kidogo, kwa sababu ya watoto. Katikati ya miaka ya 1980, David Delpy, mwanafizikia, alishirikiana na madaktari wa watoto Osmund Reynolds na John Wyatt kukipeleka kifaa hiki kando ya vitanda vya vichanga walio mahututi, na mwaka 1986 walichapisha vipimo vyao katika The Lancet. Kwa kichanga mwanga huu unafaa kuliko kwa mtu mwingine yeyote. Fuvu lake ni jembamba, kichwa ni kidogo, ndizi ile inazama ndani ya ubongo kwa raha. Na haja ndiyo kubwa zaidi. Njiti aliyezaliwa kabla ya wiki ya 28 ana mishipa ya ubongo dhaifu kupindukia. Presha ikishuka, ubongo unakosa. Presha ikipanda, mshipa unapasuka na damu inavujia ndani. Mama anayempakata mtoto wa gramu 800 kifuani hawezi kuyaona hayo. Muuguzi naye hawezi kuyaona kwa macho.

Ikawa ni lazima mtu ajaribu: kama tukiipima oksijeni ya ubongo wa njiti saa zote na kurekebisha mara inaposhuka, watoto wengi zaidi watapona? Gorm Greisen na wenzake wa hospitali ya Rigshospitalet, Copenhagen, wakaongoza majaribio yanayoitwa SafeBoosC. Awamu ya pili, iliyochapishwa mwaka 2015, ilihusisha njiti 166 wa nchi 8 za Ulaya, na ilileta furaha: watoto waliofuatiliwa kwa mwanga, huku madaktari wakirekebisha presha, hewa ya mashine na kiasi cha damu, walipungukiwa na oksijeni ya ubongo kwa kiasi kidogo, chini ya nusu ya wenzao. Basi ikaja awamu ya tatu, kubwa, watoto 1,601 katika nchi 17. Kila mmoja aliingizwa ndani ya saa 6 baada ya kuzaliwa, na wale wa kundi la mwanga wakafuatiliwa saa 72. Matokeo yalitoka mwaka 2023. Katika kundi lililofuatiliwa, waliofariki au kupata jeraha kubwa la ubongo walikuwa asilimia 35.2. Katika kundi la matunzo ya kawaida, asilimia 34.0.

Hakuna nafuu iliyoonekana.

Mimi nayaheshimu sana matokeo hayo, na nawaheshimu zaidi waliokubali kuyatafuta. Ingekuwa rahisi kusimamia mwaka 2015, kutangaza ushindi na kuuza mashine. Kurekebisha namba kulishawezekana. Swali gumu lilikuwa kama namba iliyorekebishwa ni mtoto aliyepona, na jibu kwa sasa ni kwamba haijathibitika. Huenda mipaka waliyoiweka haikuwa sahihi. Huenda jeraha la baadhi ya watoto linaanza tumboni au wakati wa kujifungua, kabla taa haijawashwa. Hospitali yenye fedha kidogo inayochagua kati ya mashine hii na vitu vya msingi, kama oksijeni ya uhakika, oksimita ya mguuni, joto, wauguzi wa kutosha na nafasi ya mama kumbeba mtoto kwa njia ya kangaruu, ianze na hivyo vya msingi. Hilo nalisema bila kusita.

Lakini lipo jambo jingine, na ndilo hasa lililonileta mbele ya kipaza sauti leo. Mwanga huu, kabla ya kufika kwenye mfupa na ubongo, unapita ngozi. Unaingia kwa ngozi na kutoka kwa ngozi. Na ngozi yetu ina melanini nyingi, ile rangi inayoifanya iwe nyeusi, na melanini inameza mwanga.

Tayari tumeonywa na kifaa cha kidoleni. Desemba 2020, madaktari wa Chuo Kikuu cha Michigan walilinganisha namba za oksimita na damu halisi ya ateri iliyopimwa maabara. Walichukua wagonjwa ambao kidoleni walisoma 92 hadi 96, yaani namba za kumtuliza daktari. Kati ya vipimo vya wagonjwa weupe, asilimia 3.6 vilikuwa na oksijeni ya kweli chini ya 88. Kwa wagonjwa weusi, ilikuwa asilimia 11.7. Karibu mara tatu. Watu wanakosa hewa na mashine inasema wako salama. Tena haikuwa habari mpya. Dalili za kasoro hiyo zilichapishwa mwaka 1990. Na mwongozo wa mwaka 2013 wa mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Marekani ulitaka oksimita ijaribiwe kwa watu 10 au zaidi, ambao kati yao wenye ngozi nyeusi wawe angalau 2, au asilimia 15. Watu wawili! Kifaa hicho kinakuja kubana vidole vya bara zima.

Cha kichwani nacho kinafundishwa vivyo hivyo. Watu wazima wenye afya wanalala maabara, wanapunguziwa oksijeni polepole, huku damu yao ikichukuliwa kwenye ateri na kwenye vena kubwa ya shingoni inayotoka kichwani. Damu hizo mbili zinachanganywa kwa hesabu, na mashine inarekebishwa hadi ikubaliane nazo. Kampuni moja inachukua vena asilimia 75, nyingine 70. Ndiyo maana mashine mbili zikiwekwa kwenye paji moja la uso zinaweza kutoa namba mbili. Sasa ongeza rangi ya ngozi ya wale waliolala maabara. Ile mbinu ya ndizi fupi na ndizi ndefu inasaidia kuondoa sehemu ya athari ya ngozi, kwa kuwa njia zote mbili zimepita humo. Haiiondoi yote. Watafiti waliolinganisha mashine kadhaa za aina hii wameona zikisoma tofauti kwa ngozi nyeusi. Na mwanga unaorudi ukiwa kidogo, makosa yanaongezeka.

Zipo na nywele. Kwenye paji la uso hazisumbui, lakini watafiti wanaotumia mwanga huuhuu kuona sehemu gani ya ubongo inafanya kazi wanahitaji kichwa chote. Nywele nyeusi, nzito, za kipilipili, au misuko iliyobana, huzuia kihisi kisiguse ngozi. Kwa miaka mingi mtu ambaye ishara yake ilitoka hafifu aliondolewa kwenye hesabu, na utafiti ukaendelea bila yeye. Kisha matokeo yakaandikwa kana kwamba ni ya binadamu wote. Hilo linaniuma, maana wenye nywele hizo walifika, walikaa kwenye kiti, walitoa muda wao. Aliyeshindwa ni kifaa, na walioachwa nje ni wao.

Mambo hayakulazimika kuwa hivyo, na ushahidi uko Gambia. Katika kijiji cha Keneba, timu ya Clare Elwell wa UCL, pamoja na Sarah Lloyd-Fox na watafiti wa Gambia, walianza kuwavalisha watoto wachanga kofia laini yenye vihisi vya infraredi. Mtoto anakaa mapajani kwa mama yake, anatazama picha za watu wakimchezea, anasikia sauti, na kofia inaonyesha ni wapi damu yenye oksijeni inaongezeka. Ripoti yao ya kwanza ilitoka mwaka 2014, na ndiyo iliyofungua matumizi ya njia hii kwa vichanga wa Afrika. Halafu ukaja mradi wa BRIGHT, uliofuatilia watoto zaidi ya 200 wa familia zinazozungumza Kimandinka, tangu mimba hadi miezi 24, sambamba na watoto wa Cambridge. Walitaka kujua njaa na maradhi ya mapema yanaacha alama gani kwenye ubongo unaokua, kabla mtoto hajaweza kusema neno. Ishara ya mwanga ilipatikana. Ngozi ilikuwa nyeusi, joto lilikuwa kali, kliniki ilikuwa ya kijijini, na ishara ilipatikana, kwa sababu watu hao ndio waliokusudiwa tangu mwanzo.

Kwa hiyo ninyi ndugu zangu mlio kwenye kamati za manunuzi za hospitali zetu, na ninyi wahandisi wa vifaa tiba, mashine kama hizi zinakuja, nyingine kwa kununuliwa na nyingine kwa msaada. Kila moja ina kijitabu chake. Fungueni ukurasa unaoeleza majaribio: walipimwa watu wangapi, wa umri gani, wa ngozi ya aina gani, na kosa la kipimo lilikuwa kiasi gani kwa kila kundi. Kama ni ya vichanga, ulizeni kama ilijaribiwa kwa vichanga. Ukurasa huo usipokuwemo, iandikieni kampuni barua mpate jibu kabla ya kutia saini.